Ncha Isiyokunjwa

"Nimekuja kumchukua mama," alisema fundi bomba. Alisimama mlangoni mwa studio akiwa ameshika viatu mkononi, kwa kuwa vilikuwa na tope na sakafu ilikuwa imepigwa deki.

Mpigapicha aliinuka kitini, akaiweka mikono yake nyuma ya mgongo. Mtaa mzima ulimwita Mzee Tulia, kwa sababu hilo ndilo neno alilomwambia kila aliyekaa mbele ya kamera yake. Alijua ni mama gani anayetajwa. Bi Sindano alikuwa amezikwa jana, na yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa wasindikizaji, nyuma kabisa, mikono ikiwa mifukoni.

"Pole tena, mwanangu. Karibu ndani. Vaa viatu vyako, hapa ni studio, si chumba cha upasuaji."

"Sikai, Mzee. Dada yangu anafika Jumamosi. Mazishi hakuyawahi. Miaka yote aliyokaa mbali hakuwa na picha ya mama, na mimi sina. Kwenye kitambulisho kageuza uso kama anatafuta kitu sakafuni, halafu kimeingia maji." Fundi bomba alivihamishia viatu mkono wa pili. "Jana kwenye simu dada alikuwa analia mpaka sauti imekatika. Nikamwambia nyamaza, ipo picha. Mzee Tulia alikuja nyumbani akampiga. Nimemwahidi."

"Ipo," alisema Mzee Tulia. "Ila filamu haijasafishwa."

"Tangu siku ile?"

Kwenye benchi walikuwa wameketi vijana wawili wakisubiri picha za vitambulisho. Mmoja wao alimsukuma mwenzake kwa kiwiko. "Mzee Tulia, wenzako siku hizi wanabonyeza hapa, picha inatokea hapa. Wewe unaangua mayai?"

Mwenzake alicheka. Fundi bomba hakucheka, wala hakuwakemea; aliendelea kumtazama mpigapicha kwa macho ya mtu ambaye hana mahali pengine pa kwenda.

"Ijumaa," alisema Mzee Tulia. "Njoo Ijumaa jioni utamkuta."

Fundi bomba alishukuru mara mbili, akainama kuvaa viatu vyake nje, kwenye ngazi. Alipokwisha kuondoka, Mzee Tulia aliwapiga wale vijana picha zao kwa kamera ikiwa imefungwa kwenye stendi. Zamani hakuihitaji stendi kwa picha kama hizo. Wateja wapya walidhani ndivyo studio kubwa zinavyofanya.

* * *

Nyumba yao ilikuwa nyuma ya studio, vyumba viwili na ua. Mkewe alifua mashuka ya nyumba ya wageni iliyokuwa barabara ya pili, na kila siku isiyokuwa na mvua ua ulijaa weupe kutoka ukuta hadi ukuta, hata ikabidi mtu ainame kwenda msalani. Mke huyo alikuwa mtu wa maneno mengi kuhusu mambo yote isipokuwa moja. Kwa muda mrefu sasa alikuwa akimmiminia mumewe chai nusu kikombe, naye mume hakuuliza.

Jioni hiyo aliuliza. "Kulikoni? Chai imekuwa dawa, inatolewa kwa kipimo?"

"Kunywa hiyo kwanza, nitaongeza. Ikipoa utanilaumu."

Alikishika kikombe kwa mikono yote miwili. Kililia juu ya kisahani, mlio mdogo wa haraka, na wote wawili wakausikiliza kana kwamba unatoka nyumba ya jirani.

"Daktari alisema uzinywe zile dawa na chakula," alisema mke, akitazama pembeni.

"Nazinywa."

"Alisema pia usijichoshe."

"Alisema haponyi, anapunguza tu mwendo wa ugonjwa," alijibu Mzee Tulia. "Mbona hilo hulisemi?"

Mke aliokota sabuni iliyokuwa imeanguka, akaifuta tope kwa kidole gumba, akairudisha mahali pake. Kisha alisema, "Fundi bomba amepita uani kunisalimu. Amenishika mkono akaniambia, mumeo ametuokoa."

Binti yao alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kamera yake mapajani. Alifanya kazi katika duka la kuchapisha na kurudufu karatasi, na mwenye duka alimwachia kamera ya dijitali iliyopasuka kioo baada ya kununua mpya. Kwa kamera hiyo alipiga kila kitu: kuku, mabomba, visigino vya watu wanaopanda ngazi. Baba yake alimpa jina la Chapuchapu. "Huyu," aliwaambia wateja, "hapigi picha, anapalilia. Anapiga mia, anang'oa tisini."

"Baba," alisema Chapuchapu, "tuisafishe kesho pamoja na ile filamu niliyopiga kwa kamera yako. Mimi nimemaliza, nimeikunja ncha, nimeirudisha koponi."

Mzee Tulia alitikisa kichwa kukubali. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba jambo lilikuwa limekwisha kuharibika.

* * *

Katika studio hiyo filamu hazikununuliwa katika vikebe vipya. Mzee Tulia alinunua bunda refu, akalikata vipande mwenyewe gizani na kuvijaza katika vikebe vilevile vya zamani, ambavyo rangi zilikuwa zimekwisha kubanduka. Kwa hiyo vyote vilifanana. Vilikaa katika kopo moja la bati, vilivyopigwa pamoja na ambavyo havijapigwa, na kilichovitofautisha ni ncha ya filamu inayochungulia nje ya kikebe. Ambayo haijapigwa ncha yake ilinyooka. Ikishapigwa, Mzee Tulia aliikunja kwa kucha ya kidole gumba, mkunjo mkali mmoja, kama mtu anayekunja pembe ya ukurasa. Mkewe alimwambia tangu walipooana aweke makopo mawili. Yeye alimjibu kwamba mkunjo hauongopi.

Siku aliyokwenda kumpiga Bi Sindano, ajuza huyo alikuwa hatoki tena kitandani bila kushikwa. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mhudumu wa zahanati, na hapakuwa na mtoto mtaani ambaye hakumdunga. Ukiacha ile ya kitambulisho, alikuwa hajakubali kupigwa picha hata mara moja. Jicho lake la kushoto lilikuwa limelegea tangu utotoni, kope imeshuka kama pazia lililokatika kamba upande mmoja, na wakati wa picha yoyote ya ukumbi au ya harusi yeye ndiye aliyekwenda jikoni kuangalia kama maji yamechemka.

"Nimechoka kulificha," alimwambia Mzee Tulia alipokuwa akifungua miguu ya stendi. "Watoto wangu wamelizoea, mimi ndiye sikulizoea. Nipige nalo. Na usinipige na hizo za simu. Nasikia zinafutika."

"Nitakupiga kwa filamu, mama. Tulia hivyo hivyo."

"Mimi nimetulia. Anayetikisika ni wewe."

Mzee Tulia alijifanya kuitazama lenzi. Bi Sindano alimngoja, kama alivyowangoja watoto waliofumba mikono.

"Mikono hiyo imeanza lini?"

"Mikono ipi?"

"Haya. Nimedunga watu nikiwa naangalia mikono, usinifundishe." Alivuta pumzi. "Tufanye hivi. Mimi sitamwambia mtu habari za mikono yako, na wewe unipige jicho langu kama lilivyo. Tumekubaliana?"

"Tumekubaliana, mama."

"Kitako cha binti yako nakijua kuliko wewe unavyoijua sura yake. Alikuwa analia kabla sijafungua kabati."

Wakacheka, na katika kicheko hicho uso wa yule mama ulifunguka. Mzee Tulia alibonyeza. Alikuwa mtu wa picha mbili kwa kila mteja, tatu kwa bi harusi. Siku hiyo alipiga filamu nzima. Alisogeza pazia mwanga uingie kutoka ubavuni, ukapanda juu ya lile jicho lililolegea na kulikuta liko hai kuliko lile zima. Aliuona uso huo kama mtu anavyoona chumba cha pili katika nyumba aliyodhani ina kimoja. Kwa muda huo wote hakuikumbuka mikono yake. Stendi ilishika kamera, na yeye alishika mwanga.

Alipomaliza aliirudisha filamu kikebeni, akaacha kuivuta ncha ikiwa bado nje, akaikunja. Haikukunjika. Ukucha uliteleza. Akaibana juu ya goti, akabonyeza, na ncha ikalala kidogo. Bi Sindano alikuwa anaanza kisa kingine, cha mwalimu mkuu aliyezimia kabla ya sindano, na Mzee Tulia akakitia kikebe mfukoni huku akicheka. Gizani humo mfukoni, filamu ilijinyoosha taratibu, kama filamu zinavyofanya. Kule nyumbani alikitia katika kopo la bati bila kukitazama. Na kwa siku nyingi hakulifungua kopo hilo tena, kwa kuwa kuisafisha filamu kulitaka kwanza aivingirishe gizani kwa vidole, na vidole hivyo alikuwa anaviogopa.

* * *

Chapuchapu alikuwa ameomba kwa muda mrefu. "Nataka nijue inakuwaje kupiga bila kuona," alisema, na siku moja baba yake, akiwa na furaha ambayo hakumweleza mtu sababu yake, alimpa kamera yake mwenyewe na kumwambia, "Chukua moja koponi. Ambayo ncha imenyooka."

Akachukua ambayo ncha ilinyooka.

Ilikuwa alasiri ya upepo na mama yake alikuwa anaanika. Mwanzoni, kila alipobonyeza, aligeuza kamera kutazama nyuma, akakuta chuma kitupu, akajicheka. Baadaye aliacha kugeuza. Alianza kungoja. Mashuka yalivimba na kusinyaa, na alijifunza kuhesabu pumzi zao, kujua ni lini moja litainuka na kuuachia ukuta mstari mmoja wa kivuli. Kwa kamera yake ya dijitali angepiga mfululizo na kuchagua baadaye. Na furaha hiyo aliijua, furaha ya mtu anayechota mchanga kwa mikono miwili. Hii ilikuwa nyingine. Hapa picha ilimwingia mwilini kwanza, ikakaa, na kidole kikafuata.

"Unanipiga na hili gauni la kufulia?" alifoka mama yake, gauni jeusi lililolowa hadi magotini.

"Hilo hilo, Mama. Geuka huko, usinitazame."

"Mtoto gani humwambia mama yake ageuke! Nikigeuka utapiga nini, mgongo?"

"Mgongo ndio ninaoutaka."

Mama aligeuka, akacheka, akanyanyua beseni. Shuka liliinuka upande wake wa kulia. Chapuchapu alibonyeza, na alipobonyeza alijua ameipata. Hakuona kitu, lakini alijua, na alibaki amesimama katikati ya ua na kamera kifuani. Alikuwa hajawahi kuwa na alasiri kama ile. Usiku alipolala aliiona tena picha yenyewe, akatabasamu gizani.

Filamu yenyewe alikuwa amekwisha kuikunja ncha kwa ukucha wake imara, mkunjo mkali mmoja, akairudisha koponi.

* * *

Kesho yake baada ya fundi bomba kuja, walimimina kopo juu ya kaunta ya studio wakiwa wamefunga mlango. Vilitoka vikebe vitatu. Viwili ncha zake zilinyooka. Kimoja kilikunjwa.

"Hii hapa," alisema Mzee Tulia, akichukua kilichokunjwa.

"Hiyo ni yangu, Baba. Naujua mkunjo wangu." Alitazama viwili vilivyobaki. "Yako iko wapi?"

"Nilikunja."

"Ulikunja?"

"Nimekwambia nilikunja!"

Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, na mkewe, aliyekuwa anapita na beseni, alisimama kwenye mlango wa nyuma. Mzee Tulia alikichukua kikebe kimoja kilichonyooka, akaibana ncha kwa ukucha mbele yao ili kuwaonyesha. Mkono ulitetemeka, ukucha ukateleza. Akabana tena. Ncha ililala, kisha, mbele ya macho yao watatu, ikainuka.

"Tuanze na hivi viwili," alisema kwa sauti ndogo. "Huenda kimojawapo."

Chumba cha giza kilikuwa stoo iliyozibwa kwa magunia na karatasi nyeusi. Binti aliingia naye. Hii ilikuwa mara ya kwanza kwake kuivingirisha filamu, na baba alisimama nyuma yake gizani, mikono ikiwa juu ya mabega ya binti, akimwelekeza: ishike pembeni, usiguse tumbo lake, sukuma, rudisha, sukuma. Binti alihisi mtetemo wa mikono hiyo ukimpita hadi mbavuni. Hakujua ulikuwa mkubwa kiasi hicho. Nuruni, baba yake alikuwa ameuficha vizuri.

Filamu ya kwanza ilitoka kwenye dawa ikiwa kioo kitupu. Hakuna chochote, kutoka mwanzo hadi mwisho. Ungeweza kusoma gazeti kupitia kwayo. Ya pili walipoifungua, Mzee Tulia hakuiangalia. Aliangalia uso wa binti yake, akaona kwamba nayo ni tupu.

"Inabaki ile," alisema Chapuchapu.

"Itie dawani."

"Baba, nilijaza filamu nzima. Nilipiga mashuka. Nilipiga..."

"Itie dawani, mwanangu. Lililotokea tayari limo humo, hata tusipoitia."

Filamu haifuti cha kwanza ili kuweka cha pili. Huweka mwanga juu ya mwanga. Mahali ambapo picha ya pili ina giza, ya kwanza hubaki; mahali ambapo ya pili ina mwanga mkali, ya kwanza humezwa. Na hapakuwa na kitu cheupe zaidi katika mtaa ule kuliko mashuka yale, ambayo mama aliyasugua hadi vidole vikachubuka.

Walipoitundika kwenye kamba, wakaimulika na taa kwa nyuma, walimtafuta Bi Sindano kipande kwa kipande. Hapa palikuwa na bega, limekatwa na pindo. Hapa kidevu. Hapa mto wa kitanda ukipepea kambani. Kila lilipokuwa jicho palikuwa na shuka. Karibu na mwisho walifika kwenye picha ya mgongo. Gauni jeusi la mama lilikuwa limeacha giza pana la kutosha, na ndani yake, mgongoni, kama mtoto aliyebebwa, alikuwamo Bi Sindano akicheka. Kinywa chote kilikuwapo. Jicho la kulia lilikuwapo. Upande wa kushoto wa uso wake, lile shuka lililoinuka lilikuwa limepita juu ya jicho.

Mzee Tulia aliitazama kwa muda mrefu. Kisha alifanya jambo ambalo binti yake hakulitarajia: alirudi mwanzo wa filamu, akaiangalia upya yote, safari hii akiyaangalia mashuka.

"Umeyapiga vizuri," alisema. "Ulikuwa unangoja. Inaonekana ulikuwa unangoja."

Chapuchapu alikaa sakafuni akalia kwa kwikwi. Kama baba yake angemgombeza, pengine angeweza kuvumilia.

* * *

Siku ya Alhamisi Chapuchapu alishinda dukani, kazini kwake, hata baada ya saa za kazi. Alikuwa ameipiga ile picha moja kwa kamera yake ya dijitali, akaitia kwenye kompyuta, akaigeuza weusi uwe weupe, na alidhani, kwa jinsi alivyoijua mashine hiyo, kwamba shuka lingeweza kuondolewa. Alilififisha. Alilikata. Chini ya shuka hapakuwa na kitu. Alipunguza weupe hadi ukawa kijivu, na kijivu hicho kilikuwa tupu vilevile. Mwishowe alilichukua jicho la kulia, akaligeuza, akaliweka kushoto. Aliipaka ngozi ikaungana. Alipomaliza, mwanamke mzee mwenye macho mawili mazima alimcheka kutoka kwenye kioo, na Chapuchapu, ambaye alichomwa sindano na mwanamke huyo utoto wake wote, hakumtambua.

Hata hivyo aliichapa. Baba yake naye, kwa mikono ya binti iliyoelekezwa kwa maneno, aliisafisha ile ya filamu kwenye karatasi, ya gauni na shuka. Wakawa na picha mbili.

"Mpe hiyo yenye macho," alisema mke. "Dada yake hakumwona mama yake kwa miaka mingi. Atajuaje?"

"Mama yangu ningemjua," alisema Chapuchapu.

"Basi mwambieni ukweli, maana mimi sina tena la kusema." Akageukia mashuka yake. Baada ya muda kidogo alisema bila kugeuka, "Kama nisingeanika siku ile."

"Acha," alisema mumewe.

"Nasema tu. Kama ningeanika asubuhi."

* * *

Ijumaa jioni fundi bomba alikuja akiwa ameoga, shati limepigwa pasi, kama mtu anayekwenda kupokea mgeni. Alileta bahasha ngumu ya kutilia picha. Alikuwa amekwisha kununua na fremu pia, ikiwa kwenye mfuko wa plastiki, na aliiweka juu ya kaunta kwa uangalifu.

Mzee Tulia aliitoa mikono yake nyuma ya mgongo, akaiweka juu ya kaunta, mahali pa kuonekana.

"Itazame," alisema.

Fundi bomba aliitazama. Haikuhitaji muda mrefu.

"Mama yako aliiona siku ile. Alisema hatamwambia mtu, nami nikamwahidi nitampiga jicho lake kama lilivyo. Yeye ameshika ahadi yake." Akaeleza habari za ncha, habari za kopo, habari za filamu iliyopita mara mbili. Hakumtaja binti yake. Alisema "filamu ilirudi kamerani". Lakini Chapuchapu alisogea mbele kutoka pembeni, akasema, "Niliyeirudisha ni mimi, kaka," na fundi bomba akatikisa kichwa polepole, si kwa kuelewa, bali kama anayesikia redio ya mbali.

Picha mbili ziliwekwa mbele yake. Kwanza alichukua ile ya kompyuta. Uso wake ulichangamka, ukasita.

"Mmemponya jicho," alisema.

Aliisogeza karibu na mwanga.

"Ni mzuri. Lakini huyu angenipita njiani nisingemwamkia." Akaiweka chini, akaichukua ya pili. "Hapa yuko wapi... ah. Mbona kabebwa?"

"Ule ni mgongo wangu, baba," alisema mke kutoka mlangoni. "Nilikuwa na beseni. Sikujua kama nimembeba."

Fundi bomba alianza kucheka, na kicheko kikageuka katikati ya njia. Alijifuta kwa mkono wa shati lililopigwa pasi. Akakiweka kidole chake juu ya shuka, akakiondoa, akakiweka tena, kana kwamba chini yake jicho lingeweza kuwa limerudi.

"Siku moja tu," alisema. "Kakataa maisha yake yote, kakubali siku moja tu."

Aliitia ile ya shuka ndani ya bahasha ngumu. Fremu aliiacha mfukoni bila kuijaribu. Alipofika mlangoni aligeuka, na hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ingekuwa nafuu.

"Mzee, wagonjwa waache. Usiwapige tena."

"Sawa, mwanangu," alisema Mzee Tulia.

* * *

Mke alizunguka nyuma akarudi na kopo la pili. Lilikuwa la maziwa ya unga, ameliosha na kulikausha juani, na kwa mkaa ameandika juu yake neno ZIMEPIGWA, kwa herufi kubwa zisizolingana. Alilikalisha kando ya lile la zamani. Lilikuwa jambo ambalo wamelifanyia utani tangu ndoa yao ilipokuwa changa, na alingoja mumewe aseme neno la kumchokoza. Hakusema.

Chapuchapu alikuwa amezitia kamera zote mbili, ya baba na yake, ndani ya begi moja na kulifunga zipu. Mzee Tulia alilivuta begi, akalifungua, akamrudishia kamera ya filamu mikononi.

"Kesho kuna wateja wa vitambulisho," alisema. "Utasimama wewe. Mimi nitakaa hapa niwaambie watulie."

"Baba, sitaki."

"Najua."

Kisha aliiokota moja ya zile filamu tupu, ile iliyokuwa kioo kitupu, akaketi karibu na taa. Akaishika ncha yake. Akaibana kwa ukucha, akabonyeza kwa nguvu zote, meno yakiwa yameumana. Binti alinyoosha mkono.

"Usinisaidie."

Akaurudisha mkono. Mama alikuwa amesimama na kikombe cha chai, nusu, hajui akiweke wapi. Wote watatu waliitazama ncha ikiwa imelala juu ya goti lake, na Mzee Tulia akaondoa kidole taratibu, taratibu sana, kama mtu anayemwacha mtoto aliyesinzia; nayo ikakaa chini kitambo, kisha ikaanza kuinuka.